Kuondoa Madhara Njiani



Hapana mtoto wa chuoni asiyefundishwa ya kwamba kuondoa njiani kitu chenye kuwadhuru watu ni sadaka, tena ni tawi mojawapo la imani. Kwa ajili hiyo Mwislamu aonapo mwiba au kigae cha chupa njiani, huinama akakiondoa. Lakini katika nchi iliyopitiwa na vita, tendo hilo jema laweza kumwua mwenye kulitenda pamoja na wote walio karibu naye.

Nchi ya Msumbiji yaijua vema habari hii. Katika vita vya kupigania uhuru, 1964 hadi 1974, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1992, mabomu yalifukiwa mipakani, kandokando ya reli, penye madaraja na chini ya nguzo za umeme. Wakubwa walitia sahihi mkataba wa amani mjini Roma mwezi wa Oktoba 1992, bali bomu lililofukiwa halina habari ya mkataba; hungoja mguu tu, uwe wa askari au wa mtoto achotaye maji. Kuyatafuta na kuyateketeza kulichukua zaidi ya miaka 20. Hata panyabuku waliofunzwa Morogoro, Tanzania, walitiwa katika kazi hiyo, kwa kuwa hunusa baruti iliyo chini ya udongo, na uzito wao hautoshi kulipua bomu. Ndipo mwezi wa Septemba 2015 serikali ikatangaza kwamba nchi imesafishwa.

Upande wa kaskazini furaha hiyo haikudumu. Mwezi wa Oktoba 2017 mapigano yalizuka Mocímboa da Praia, yakaenea katika jimbo la Cabo Delgado, na watu mamia ya maelfu wakayahama makao yao. Wengi wamerejea, kwani mtu hakatai kwao. Lakini shamba lililoachwa huota nyasi, na ndani ya nyasi huenda likawamo kombora lisilolipuka; na barabarani huenda pametegwa bomu lililoundwa kwa mikono.

Basi yampasa kila mtu kuyashika haya. Aonapo chuma asichokijua, asikiguse, asikipige jiwe, wala asikitie moto. Wala asikiokote kwa tamaa ya kukiuza kuwa chuma chakavu. Apite njia inayopitwa na watu kila siku, aache ile ya mkato iliyomea majani. Aonapo alama ya rangi nyekundu au ya fuvu la kichwa, asivuke. Akitambua kwamba amekwisha ingia mahali pa hatari, asimame papo hapo, awapigie wenziwe kelele wasimfuate, angoje msaada. Ikiwa hapana msaada wa kutumainiwa, na nyayo zake zaonekana wazi, arudi kwa kukanyaga nyayo zizo hizo. Na mwenzake akiumizwa, asimkimbilie kwa uchungu, kwani bomu haliwi peke yake mara nyingi.

Walimu wa vyuo wana amana kubwa zaidi, maana mtoto huona kopo geni akalidhani kitu cha kuchezea. Somo hili lisomwe pamoja na masomo mengine, na lirudiwe.

Huenda mtu akauliza: je, sadaka ile imefungwa? La, haikufungwa. Kuinua bomu kwa mkono ni kazi ya wenye ilimu nayo. Aliyeliona akarudi nyuma, akawazuia wapitao, akapeleka habari kwa mzee wa kijiji na kwa serikali siku ile ile, huyo ameondoa madhara njiani kwa ulimi wake. Aliyenyamaza kwa kuogopa kuulizwa maswali ameyaacha yamngoje mtoto wa jirani.

Mwenyezi Mungu azisalimishe nyayo za wote warejeao makwao. Amin.