HOTUBA YA MWENYEKITI KATIKA SIKUKUU YA MIAKA 10 YA KIKUNDI



Leo tunatimiza miaka 10 ya kuweka na kukopa. Wapo waliosema tukigawana gawio la kwanza tu tutasambaratika. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo wanashika akina mama watatu, na hadi leo haijapotea hata shilingi.

Lakini tujiulize, hisa tunazonunua kila wiki zinatoka wapi? Zinatoka Mto Rufiji: kwenye mpunga, kaa, kamba na mikeka ya ukindu. Mto ukiyumba, na sanduku linayumba. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozoa mashamba ya Rufiji na Kibiti, marejesho yalikwama. Hatukumfukuza mtu. Tulisogeza muda mbele, mfuko wa jamii ukanunua unga, na wote wamesharejesha.

Sasa lipo jambo linatuumiza kichwa. Baadhi ya wenzetu wanaomba mkopo wa kufyeka mikoko wapate shamba jipya la mpunga. Hatuwalaumu, watoto wanataka kula na kusoma. Ila sisi watu wa delta tunajua: shamba lile linazaa vizuri miaka michache, halafu magugu yanalishinda jembe, mtu anahama kufyeka pengine. Na kwenye mizizi ya mikoko ndiko kamba wadogo wanakokulia na kaa wanakochimba. Tena mikoko ni hifadhi tangu enzi za Mjerumani. Kuikata bila kibali ni kosa, na mkopaji akikamatwa, mkopo nao umekwenda.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo: mkopo wa kufyeka mikoko usitolewe. Anayetaka mkopo wa mbegu za shamba lake la zamani, wa kunenepesha kaa au wa ukindu, apewe kwanza, tena kwa nusu ya riba. Ni kweli gawio la mwaka huu litapungua, hatuwafichi. Mkutano wa mwezi ujao tupige kura, kila mama kura moja, hata mwenye hisa moja.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai ng'o!