Usahihishaji wa Picha za Stakabadhi kwa Kompyuta



Picha ya stakabadhi iliyopigwa kwa simu ni safu za vitone vidogo vya rangi, viitwavyo pikseli. Picha yenye vitone 1,200 kwa upana na 800 kwa kimo ina vitone 960,000, wala si zaidi. Katibu akiikuza maradufu, kompyuta hubuni vitone vya kujazia. Haileti habari iliyokuwa haimo. Ndiyo sababu tarakimu 3 iliyofifia yaweza kusomeka 8, na mkulima akalipwa kilo zisizo zake, au kinyume chake akapunjwa.

Basi, kwanza katibu atoe nakala na kuiacha picha ya asili bila kuguswa. Katika nakala akate pembezoni zisizohitajiwa, ainyooshe karatasi iliyokaa upande, kisha aongeze mwanga kidogo kidogo: vitone vikishageuka vyeupe kabisa na faili ikahifadhiwa, wino haurudi. Programu ya GIMP, iliyotolewa kwa umma mwaka 1996, hufanya yote hayo bila malipo.

Mtindo wa kuhifadhi nao si jambo dogo. JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa baadhi ya habari, na kila ihaririwapo na kuhifadhiwa upya hutupa tena. PNG haitupi, nakala ya stakabadhi na ihifadhiwe humo.

Burashi ni ya kufutia madoa katika picha za mikutano. Kwenye stakabadhi ni kughushi, hata nia ikiwa njema. Tarakimu isiyosomeka ithibitishwe kwa daftari la mizani, mkulima mwenyewe akiwapo.