Lenzi ya Pili: Mwanga Mwingi, Chumba Kidogo



Wengi wetu humu ukumbini tulianza kazi na kamera yenye kihisi kidogo pamoja na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, ile ya milimita 18 hadi 55 yenye f/3.5 hadi f/5.6. Si lenzi mbaya. Mchana, uani au ufukweni, inatoa picha ambazo mteja huzipokea bila neno. Shida huanza jioni, ndoa inapofungishwa sebuleni chini ya taa moja ya tyubu, au bibi harusi anapotolewa chumbani huku vigelegele vimetanda na umeme ni hafifu. Hapo ndipo mpiga picha hushauriwa na wenzake anunue "hamsini", yaani lenzi isiyovuta ya milimita 50, naye hushika njia ya Kariakoo. Mada yangu inapinga haraka hiyo. Lenzi isiyovuta yenye tundu pana ni ununuzi mzuri kuliko mwingine wowote kwa mtu mwenye lenzi ya boksi, lakini kinachopaswa kuamuliwa kwanza ni urefu wa lenzi, na urefu huamuliwa na vyumba unavyofanyia kazi.

Tuanze na mwanga, kwa kuwa ndio uliotuleta hapa. Kadiri namba ya f inavyopungua, tundu hupanuka, na mwanga huongezeka kwa mraba wa uwiano wa namba hizo. Lenzi ya boksi ikivutwa karibu na mwisho wake hubaki na f/5.6. Hamsini yenye f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Picha iliyodai ISO 6400 na shata ya 1/60, ikatoka na chembechembe tele usoni, sasa inapigika kwa ISO 1600 na shata ya 1/125, na akiba inabaki. Kuna atakayesema lenzi yake ya boksi ina kizuia mtikisiko. Ni kweli, ila kifaa hicho hutuliza mkono wako wewe. Hakimtulizi shangazi wa bwana harusi aliyekwisha kuingia uwanjani kucheza.

Faida hiyo, hata hivyo, hailingani kwa kila urefu. Lenzi ya boksi huanza na tundu pana kiasi, kisha hulibana kadiri unavyovuta. Kwenye milimita 24 bado inakupa takriban f/4, kwa hiyo ukinunua lenzi nyembamba ya 24 yenye f/2.8 umeongeza mwanga mara mbili tu. Kwenye 35 iko karibu na f/4.5, hivyo lenzi ya 35 yenye f/1.8 inakupa mara sita hivi. Kwenye 50 ndipo unapopata zile mara kumi. Wauzaji hawalisemi hili, na wanunuzi wengi hawaliulizi: lenzi inayokuzidishia mwanga zaidi ndiyo pia inayokurudisha nyuma zaidi hadi mgongo ugonge ukuta.

Ni ukuta wa kweli, nao unapimika. Kwa kamera zenye kihisi cha milimita 22 au 23 kwa upana, kumpiga mtu mzima aliyesimama, kamera ikiwa wima na nafasi kidogo ikiachwa juu ya kichwa, hamsini inakutaka usimame mita nne na nusu kutoka kwake. Ya 35 inataka mita tatu na kidogo. Ya 24 inataka mbili na kidogo. Sasa wapange ndugu wa bibi harusi mstari wa mita tatu, kamera ikiwa ya kulala: hamsini inadai zaidi ya mita sita, 35 takriban nne na nusu, 24 zaidi kidogo ya tatu. Sebule ngapi za mitaa yetu zina mita sita zisizo na kochi, kabati wala watoto? Pwani hali ni ngumu zaidi. Vyumba vya nyumba za kale za mawe, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, vilijengwa kufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ndiyo maana ni virefu kwa upande mmoja na vyembamba kwa mwingine, mara nyingi bila kufika mita tatu. Humo, ukipiga kwa upande mwembamba, hamsini itakupa nusu ya juu ya mwili tu.

Sifa ya hamsini ilijengwa kwenye kamera za filamu yenye fremu ya milimita 36 kwa 24. Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa Leica na lenzi ya 50, nayo pale ilikuwa lenzi ya kawaida, si ya kusogeza vitu karibu. Kwenye kihisi kidogo, 50 ileile hubana mandhari kama 75 au 80. Tumerithi ushauri bila kurithi kamera. Anayepiga picha za uso studio, au anayefanya kazi nje palipo na nafasi ya kurudi nyuma, hamsini itamfaa sana. Wa sebuleni aanze na 35. Kwa wenye Nikon ndogo ipo AF-S DX 35 ya f/1.8, iliyotoka mwaka 2009 kwa bei ya wastani; wenye Canon za kioo watatazama za 35 zenye f/2. Wa Mji Mkongwe huenda akaridhika na ile 24, mradi ajue anachonunua ni nafasi kuliko mwanga.

Tahadhari ya matumizi: ukiwa mita mbili kutoka kwa mtu na hamsini yako iko f/1.8, sehemu inayotoka kali ina unene wa sentimita kumi na moja hivi. Bwana akiegemea mbele kidogo, bibi harusi amefifia, na aliyelipa ni mama yake. Kwa wawili, bana hadi f/2.8.

Kuhusu kufungana na kamera, ulizeni kabla ya kulipa. Nikon D3500 na D5600 hazina mota ndani, kwa hiyo lenzi za zamani za AF-D hazitafokasi zenyewe. Lenzi ya Canon EF hufunga kwenye mwili wa RF kwa adapta, lakini RF haifungi kamwe kwenye mwili wa EF. Ya mtumba ipitishieni tochi kutoka nyuma mtazame kuvu. Unyevu wa pwani hauna huruma na kioo.

Na kabla hata ya kwenda dukani, fungueni picha za harusi zenu za karibuni na msome urefu wa lenzi ambao kamera imeandika ndani ya kila faili. Kisha gandisheni lenzi ya boksi kwa selotepu kwenye 35, mfanye nayo shughuli nzima. Ikiwabana, jaribuni 24. Ikiwaacha mbali mno na nyuso, nendeni mkanunue hiyo hamsini.