Jina Lako Lina Maana Gani?



Ndugu zangu katika imani, wazazi wetu na vijana wenzangu wa Kambu na vitongoji vyake, Ramadhan Kareem. Nimepewa dakika chache niseme juu ya majina. Nitaanza na swali ambalo vijana waliosilimu hapa kwetu Ukambani huulizwa sana: "Wewe si Muislamu sasa? Mbona bado waitwa Mutuku?"

Hebu tuangalie. Mutuku ni aliyezaliwa usiku. Kioko kazaliwa asubuhi. Wambua na Mumbua walikuja na mvua, na Mwende ni mpendwa. Ubaya uko wapi? Teremka Pwani: Juma kazaliwa Ijumaa, Khamis kazaliwa Alhamisi, na Ramadhani ni mwezi huu tulio nao. Mkamba katazama saa na mvua, Mswahili katazama siku na mwezi. Jambo ni lile lile.

Mtume (S.A.W.) hakubadilisha kila jina. Umar, Hamza na Bilal walisilimu na majina yao na wakabaki nayo. Alibadilisha yenye maana mbaya au yenye shirki. Bibi mmoja aliyeitwa kwa neno lenye maana ya "muasi" alimpa jina la Jamila, yaani mzuri. Na Abdurrahman bin Auf zamani aliitwa Abdu Amr, mtumwa wa Amr. Mja ni wa Allah peke yake.

Basi ukisilimu ukapenda kuitwa Ibrahim au Maryam, ni kheri. Lakini jina la baba usiliguse! Suratul Ahzab, aya ya 5, yatuamrisha tuwaite watu kwa baba zao. Wapo vijana wanaoambiwa walitupe jina la mzee wao, waweke la aliyewasilimisha. Ndugu yangu, mfikirie mzee yule nyumbani, hajasilimu bado, asikie mwanawe kamfuta. Ataipenda vipi dini hii? Ibrahim Musyoka, mwana wa Musyoka, ni jina la Muislamu, halina kasoro.

Nanyi wazazi, msichague jina kwa utamu wa sauti tu, eti limesikika kwenye televisheni. Siku ya saba, siku ya akika, haijafika, muulizeni maalim: hili lina maana gani? Na sisi vijana tuache kukatakata. Mwenzio ni Abdulrazak, mja wa Mwenye kuruzuku, wewe wamwita "Razak"! Hiyo ni sifa ya Mola wako. Na majina ya kejeli, Suratul Hujurat aya ya 11 imeyakataza.

Usiku wa leo baada ya tarawehe, kila mmoja amuulize mzazi wake: kwa nini mliniita hivi? Kisha ajiulize mwenyewe: je, ninafanana na jina langu?