Kutunga Programu kwa Kiswahili: Hatua za Mwanzo za Kijana wa Kalangalala



Kalangalala ni mojawapo ya kata za mji wa Geita, katika ukanda wa dhahabu ulio kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012, ilipofanywa kuwa mkoa. Mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000, lakini wachimbaji wadogo walikuwapo kabla yake na wangalipo. Dhahabu imewavuta watu kutoka Kagera, Kigoma, Mara na kwingineko wakaishi pamoja na Wasukuma, na athari yake kwa lugha ni dhahiri. Mhaya akipatana bei na Mjita, au Mha akikodi chumba kwa Msukuma, lugha yao ni Kiswahili. Hiki si Kiswahili cha vitabuni tu. Ni lugha ya duara, ya karasha, na ya mizani ya mnunuzi wa dhahabu, na mtu asiyeielewa barabara anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mhadhara huu unamwangalia kijana wa mahali hapo ambaye amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sasa yuko sekondari ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na anataka kujifunza kutunga programu za kompyuta. Aanze kwa lugha gani? Jibu analopewa mara nyingi ni fupi: ajue Kiingereza kwanza, kompyuta itafuata. Hoja itakayotetewa hapa ni nyingine. Kiswahili hakikosi uwezo wa kubeba fikra za utunzi wa programu. Kilichotokea ni kwamba, katika uwanja wa kompyuta, lugha hii imejengewa msamiati wa mtumiaji, na msamiati wa mtunzi ukaachwa bila mwenyewe.

Historia inasaidia kueleza kwa nini. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu wa serikali kuleta matatizo na hasara, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na mtu aliyeihitaji alitakiwa kupata kibali maalumu. Marufuku hayo yalidumu miaka mingi. Hivyo, katika miaka ileile ambayo Kiswahili kilikuwa kikiundiwa istilahi za siasa, sheria, sayansi na ufundi, kufuatia kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, kompyuta yenyewe haikuwapo machoni pa watu. Istilahi haziundwi kwa urahisi kwa ajili ya chombo ambacho mafundi wenyewe hawakishiki.

Kompyuta zilipoenea katika miaka ya 1990 na baada yake, mjadala uliowashughulisha wengi ulikuwa juu ya jina la chombo: kompyuta, tarakilishi, au ngamizi? Mjadala huo ulitumia wino mwingi kuliko ulivyostahili, kwa kuwa watu wa Tanzania walikwisha kuamua kusema kompyuta. Kazi ya maana zaidi ilifanywa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisini wenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ikatoa tafsiri za bidhaa zake baadaye kidogo. Kutokana na kazi za namna hiyo, na kutokana na watu wenyewe mitaani, yalipatikana maneno mazuri. Kupakua, neno la jikoni na la bandarini, likawa la kuchukua faili kutoka kwenye intaneti, na kupakia likawa kinyume chake. Kusakinisha, kuhifadhi, kufuta, dirisha, kipanya: yote yanasomeka bila taabu.

Lakini orodha hiyo ikitazamwa kwa makini, inaonekana kuwa ni maneno ya mtu aliyekaa mbele ya programu iliyokwisha kutungwa na mwingine. Anafungua, anafunga, anachagua, anafuta. Neno la kutaja kile kisanduku chenye jina ambamo mtunzi huweka thamani inayobadilika bado halijatulia: baadhi husema kibadilika, wengine kigeu, na walimu wengi hutumia neno la Kiingereza na kuendelea na somo. Marudio ya amri huitwa kitanzi na hawa, mzunguko na wale. Mafungu ya amri yanayoitwa kwa jina moja na kurudisha jibu hayana istilahi ambayo mwalimu wa Geita na mwalimu wa Unguja wataitumia kwa pamoja. Hata jina la kazi yenyewe linayumba.

Katika suala hili la jina, mhadhara huu unapendelea mtunzi wa programu kuliko mwandishi wa programu. Kitenzi kutunga hutumika kwa shanga kabla ya kutumika kwa mashairi na sheria: ni kuzipitisha katika uzi moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao ukikosewa mahali pamoja, pambo zima huharibika. (Hutumika pia kwa usaha, lakini hilo lisimkatishe mtu tamaa.) Kuandika kunaeleza kazi ya mkono tu, ilhali kutunga kunaeleza mpangilio, na mpangilio ndio kazi yenyewe.

Wanaosema kwamba Kiingereza kitangulie huonyesha kuwa amri za kompyuta zimo katika lugha hiyo. Ni kweli, lakini ni chache mno. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na ambayo wanaoanza wengi duniani huanza nayo, ina maneno teule 35. Lugha ya C, kwa kanuni zilizosanifishwa mwaka 1989, ina 32. Kijana aliyejifunza majina ya wachezaji wa timu mbili za mpira hashindwi na maneno 35. Kinachomshinda ni yote yanayoyazunguka: maelezo ya kwa nini amri imewekwa hapa na si pale, taarifa ya kosa inayotokea kwenye kioo, swali la mwalimu, na jibu lake mwenyewe. Mwanafunzi asiyeweza kueleza kwa lugha yoyote kile alichotaka programu ifanye hawezi kuona ni wapi imemwasi. Akinyamaza darasani, huhesabiwa kuwa hajui kompyuta, wakati huenda kilichomkwama ni sentensi.

Kijana huyo tayari anaijua programu kutoka upande wa mtumiaji. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na hata mwenye simu ya kitochi hupewa orodha ya Kiswahili, huchagua namba, huulizwa kiasi, huulizwa namba ya siri, kisha hukubaliwa au hukataliwa. Huo ni mti wa masharti. Mwalimu angeweza kumwambia auchore kwenye daftari, kila swali na matawi yake, pamoja na tawi la mtu aliyekosea namba ya siri. Angekuwa ameanza kutunga kabla hajagusa kompyuta.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Katika uchimbaji mdogo, mawe yanayotoka shimoni hugawanywa kwa viroba kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, kwa makubaliano yao. Ichukuliwe, kwa ajili ya zoezi tu, kuwa katika kila viroba 10 mwenye leseni hupata 3, mwenye duara 4, na wachimbaji 3. Viroba vikiwa 20, hesabu ni nyepesi: 6, 8 na 6. Vikiwa 23, je? Vitatu vimebaki. Shimoni watu watajadiliana, mkubwa ataheshimiwa, au patatokea ugomvi. Mashine haijadiliani. Ni lazima mtunzi aseme mapema ni nani anayepewa masalio, na kwa zamu ipi, na aliseme kwa namna isiyo na tafsiri mbili. Somo hilo ni la utunzi wa programu, na pia ni la haki. Mchimbaji atakayekuja kulipwa kwa hesabu ya simu ana haki ya kujua ni nani aliyeamua juu ya viroba vile vitatu.

Hapa sarufi inaingia. Kiswahili huliweka sharti ndani ya kitenzi: viroba vikibaki, vigawanywe tena. Kiambishi -ki- kinatosha. Lugha za kompyuta hutaka neno la pekee la sharti, lililosimama nje ya kitenzi, na Kiswahili kinalo pia: kama, au ikiwa. Suala hili si la nadharia tu. Katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 2020 ilitolewa Nuru, lugha ya kutungia programu ambayo maneno yake teule ni ya Kiswahili. Sharti huanzishwa kwa kama, na upande wa pili kwa sivyo. Andika hutoa maandishi kwenye kioo, rudisha hurudisha jibu, vunja hukatiza marudio, endelea huyaruka yaliyosalia katika mzunguko huo. Inapendeza kuona jinsi amri ya Kiswahili, ambayo ni shina la kitenzi bila kiambishi, inavyofaa kazi hii. Kwa marudio yenye sharti Nuru imechagua wakati. Maadamu lingebeba wazo la sharti linaloendelea kutimia, lakini nalo lina maana ya kwa kuwa, na kwa vyovyote wakati ni jepesi zaidi kinywani. Uamuzi wa namna hii ulistahili kujadiliwa na wanaisimu, ila watunzi wa programu ndio waliotangulia kuufanya.

Isidhaniwe kwamba kijana wa Kalangalala ataajiriwa kwa kujua Nuru. Waajiri wanataka lugha zinazotumiwa duniani, na nyaraka zake nyingi ni za Kiingereza, atalazimika kuvuka. Faida ya kuanzia upande huu ni kwamba anavuka akiwa na fikra iliyokwisha kukomaa, akitafuta majina yake mapya, badala ya kutafuta fikra na majina kwa siku moja.

Kuna maarifa ya Kiswahili ambayo yenyewe ni malighafi ya programu, na saa ni mfano mwema. Kompyuta huonyesha 07:00, msemaji akasema saa moja asubuhi. Kanuni ni kuondoa 6. Jibu likiwa chini ya 1, ongeza 12. Likizidi 12, punguza 12. Saa 13:00 inakuwa saba, 19:00 inakuwa moja, 00:00 inakuwa sita. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuitunga siku ya kwanza. Ugumu huja baadaye: asubuhi inakoma wapi, na mchana unaanzia wapi? Saa 01:00 ya Alhamisi kwa kompyuta ni saa saba usiku wa kuamkia Alhamisi kwa msemaji, na neno kuamkia halina budi kuwekwa na mtu anayejua kwa nini limo. Mtunzi aliyeko mbali, hata akiwa hodari, huweza kulisahau. Anayeishi ndani ya lugha hukumbuka, kwa sababu kikao cha msiba au safari ya basi hupangwa kwa neno hilo.

Mfano wa ngeli ni mkubwa zaidi. Programu nyingi zilizotafsiriwa hujengwa kwa kiunzi: huwekwa pengo la jina, kisha kitenzi kimoja kwa majina yote. Kwa Kiingereza kitenzi hakibadiliki. Kwa Kiswahili, kiunzi kilichoandikwa imefutwa kitafaa kwa picha na faili, lakini kitaleta ujumbe imefutwa, jina imefutwa, kitabu imefutwa. Kanuni za kimataifa za lugha kwenye kompyuta hukitambua Kiswahili kuwa na aina mbili za idadi, umoja na wingi, na mtafsiri hupewa nafasi mbili za kujaza. Nafasi hizo hazitoshi, kwa kuwa upatanisho hautegemei idadi peke yake: ujumbe umefutwa, jina limefutwa, majina yamefutwa, kitabu kimefutwa, vitabu vimefutwa, picha zimefutwa. Inahitajika orodha ambamo kila jina limefungamanishwa na ngeli yake, na kila ngeli na kiambishi chake cha kiima, kisha amri fupi ya kuchagua. Majina ya viumbe yatadai tawi lake, kwani kipofu ni wa umbo la KI- lakini husemwa kipofu amefika.

Orodha hiyo mwanafunzi wa sekondari anayo kichwani. Ameitahiniwa tangu shule ya msingi. Mwalimu wake wa Kiswahili anaweza kuisahihisha, na mwalimu wa kompyuta anaweza kuonyesha jinsi ya kuihifadhi. Walimu hao wawili hukaa katika ofisi moja ya walimu, lakini katika ratiba ya shule hakuna kipindi kinachowakutanisha.