KODIANI NA DAFTARI LAKE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nyambureti)



Jambo tulilochagua huenda wengine watalidhani kuwa la mchezo tu: namna mtu awezavyo kujifunza kupiga kodiani ya vifungo pasipo mwalimu, kwa msaada wa sauti zilizonaswa. Twaomba mtuvumilie, maana kabla ya kumaliza mtaona ya kuwa jambo hili lahusu kalamu zetu hata kuliko vidole vyetu.

Kwanza, chombo chenyewe. Jina la kodiani lilianza Vienna, katika Austria, mwaka 1829, Cyrill Demian alipopata hati ya serikali ya kulinda chombo chake. Toka huko kilienea duniani, na Afrika Mashariki kikapata wenyeji wapya. Wakikuyu wa Kenya walikifanya kuwa roho ya ngoma yao ya mwomboko, mpigaji akifuatana na mlio wa karing'aring'a, pete ya chuma igongwayo. Wajaluo, ambao ni jirani zetu hapa Mara na ng'ambo ya mpaka pia, hukiita onanda. Basi kwetu sisi tuliokua tukisikia litungu la nyuzi nane la Wakurya, kodiani si mgeni atokaye mbali sana.

Hatuna budi kutofautisha aina mbili. Ile isikiwayo katika taarabu ya Unguja na Mombasa ina vibao kama vya piano, na kila kibao hutoa sauti ile ile, ukibana mivukuto au ukivuta. Ile tunayoisema leo ina safu moja ya vifungo kumi, na kila kifungo kina sauti mbili: moja ya kubana na moja ya kuvuta. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa. Lakini ninyi mliofundishwa do, re, mi shuleni mtaelewa upesi. Shika kifungo cha tatu: ukibana ni do, ukivuta ni re. Cha nne: ukibana ni mi, ukivuta ni fa. Cha tano: ukibana ni so, ukivuta ni la. Ukifika cha sita utaratibu hugeuka: huna budi kuvuta kwanza upate ti, kisha kubana upate do ya juu. Mwenye kuyashika haya amekwisha kuvuka mto ulio mpana kuliko yote.

Sasa, mwalimu yuko wapi? Vitabu vya kodiani hii vimeandikwa zaidi kwa lugha za Ulaya, na kwa nyimbo za Ulaya. Kwa hiyo mwalimu wa kijana wa hapa ni sauti iliyonaswa, nayo yafundisha vema ikiwa mwanafunzi ajua kuisikiliza. Twataja mambo matatu.

La kwanza, asihangaike ikiwa kodiani ya kwenye santuri ni ya juu au ya chini kuliko yake. Mpangilio wa vifungo ukiwa ule ule, vidole vitafuata njia ile ile, ingawa sauti yapanda au yashuka. La pili, mpigaji akitumia mkono wa kushoto, sauti nene ndizo zimfichuazo: ziegemeapo do, anabana, zihamiapo so, anavuta. Asikiaye hivyo huona mivukuto kwa masikio. La tatu, aipunguze mbio sauti. Zamani kanda ikizungushwa kwa nusu ya mwendo wake, sauti nayo ilishuka hatua nane; leo simu ya mkononi yaweza kupunguza mwendo na kuiacha sauti mahali pake.

Hata hivyo, mwanafunzi asisahau ya kuwa santuri si ngoma. Santuri ya zamani ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua dakika tatu hivi kwa kila upande. Ngoma ya kijijini yaweza kwenda hata jogoo awike. Kwa hiyo santuri yaonyesha jinsi wimbo uanzavyo, wala haionyeshi jinsi mpigaji mzee awezavyo kuurefusha, kuugeuza na kuuchochea anapoona miguu ya wachezaji imechoka. Hayo hujifunzwa mbele ya mzee mwenyewe, angali hai.

Hapa ndipo twafika penye shabaha yetu. Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki mwaka 1950, na tena mwaka 1952, akinasa nyimbo. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010 nakala za nyimbo alizozinasa Kenya zilirudishwa kwenye vijiji zilikotoka. Liliwezekanaje jambo hilo baada ya miaka sitini na zaidi? Kwa sababu katika safari zake aliweka kumbukumbu za maandishi: wimbo gani, wa watu gani, ulipigwa wapi, na lini. Mashine ilihifadhi sauti, bali karatasi ndiyo iliyoonyesha njia ya kurudi nyumbani.

Tutazame basi hali yetu hapa. Vijana wetu wana simu, na katika simu hizo mna nyimbo za wazee. Lakini wimbo umeandikwa namba tu, pasipo jina la mpigaji, wala kijiji, wala siku. Simu ikiibiwa, au ikianguka mtoni, wimbo umekwenda. Hata usipopotea, baada ya miaka ishirini nani atajua ni sauti ya nani? Mjukuu aweza kumsikia babu yake na asimtambue. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya duka, lakini ni kweli juu ya wimbo pia.

Mabwana na mabibi, kuandika daftari ndiyo kazi yetu ya kila siku. Hakuna jalada liingialo ofisini pasipo namba na tarehe, na hatuoni taabu. Kwa hiyo twaleta shauri hili mbele yenu: chama kifungue daftari moja la sauti zilizonaswa. Katika kila mstari tuandike jina la mpigaji, kijiji chake, lugha ya wimbo, siku uliponaswa, wimbo hupigwa wakati gani, na chombo ni cha namna gani. Ikiwa ni kodiani, ufunguo wake pia. Nakala ziwe mbili, zikae nyumba mbili mbalimbali. Tena, kabla ya yote, mpigaji aulizwe kama aridhia, na jibu lake liandikwe. Maana wimbo ni mali yake, si mali ya mwenye simu.

Gharama yake ni daftari, kalamu, na saa moja ya Jumamosi. Faida yake ni kwamba kijana atakayenunua kodiani kesho, asiye na mwalimu wala kitabu, atakuta mahali pa kuanzia, na atajua ni nani wa kumshukuru. Wazee wapigaji wanapungua mwaka hata mwaka. Wino tunao. Twawaomba mlitie shauri hili katika mambo ya mkutano ujao.

Tumekwisha, Bwana Mwenyekiti.