Dirisha la Gari Likikataa Kushuka: Pima Kwanza, Spea Baadaye

Mazungumzo kwa madereva, wenye magari na mafundi wa jua kali, Migori na Homa Bay



Magari mengi yanayobeba abiria na mizigo kati ya Migori, Rongo, Homa Bay na Mbita yaliingia nchini yakiwa yameshatumika. Miaka ikipita, vumbi la murram na mvua za masika huyachosha madirisha ya umeme. Wengine huona dirisha bovu kuwa kero ya joto tu. Lakini mlango ukibanwa katika ajali, au gari likitumbukia majini, dirisha ndilo njia ya kutokea. Anayepanda feri ya Mbita kwenda Luanda K'Otieno na gari lake analijua ziwa.

Dirisha likikwama, neno la kwanza gereji huwa "mota imekufa". Mota hununuliwa, pesa ya siku kadhaa inaisha, na kioo bado hakisongi. Kipimo kifuate utaratibu.

Kwanza, ni madirisha mangapi? Yakigoma yote, kagua fyuzi na rilei. Yakigoma ya abiria pekee, tazama kitufe cha kufungia madirisha kwenye mlango wa dereva, huenda kimebonyezwa. Dirisha la abiria likitii swichi ya dereva lakini likakataa swichi yake lenyewe, swichi hiyo ndiyo ya kushukiwa.

Pili, sikiliza. Mota ikilia na kioo kisisonge, kebo au regulata imekatika. Kioo kikienda polepole, huenda mipira yake imekauka au imejaa vumbi. Ioshwe, ipakwe silikoni. Grisi isitumike hapo, hunasa vumbi.

Tatu, pakiwa kimya, fundi afungue mlango aweke testa kwenye plagi ya mota huku swichi ikibonyezwa, juu kisha chini. Taa ikiwaka pande zote mbili na mota isizunguke, mota ndiyo mbovu. Isipowaka, tatizo liko kwenye swichi au waya. Mahali pa kukagua mapema ni ndani ya mpira unaounganisha mlango na bodi. Waya za mlango wa dereva hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, mwishowe hukatika. Dirisha linalofanya kazi mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa linaonyesha ugonjwa huo.

Wakati wa kutengeneza, kioo kishikiliwe kwa tepu imara na waya wa betri utolewe kabla mkono haujaingia karibu na regulata. Karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya kava irudishwe, kwani huzuia maji ya mvua kuingia ndani ya gari. Matundu ya chini ya mlango yazibuliwe. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kubwa zaidi wala kwa kipande cha waya. Hivyo ndivyo moto huanza.

Watoto wakiwa ndani, kitufe cha kufungia kitumike, maana kioo kinachopanda hubana vidole na hata shingo.

Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa testa ikiwaka au isiwake kabla ya kulipia mota. Fundi mwaminifu hatachukia kuombwa hivyo.